Si kila ganzi ya mwenye kisukari ni ya sukari

Mwenye kisukari akisema miguu imekufa ganzi, jibu huwa tayari kabla hajamaliza kujieleza: sukari imeharibu mishipa ya fahamu. Mara nyingi jibu hilo ni sahihi. Lakini liko kundi ambalo halipaswi kupewa jibu hilo kabla mtu hajachukua nyundo ndogo ya kugonga kano akawapima. Hao ni wenye kisukari aina ya kwanza, wengi wao vijana walioanza sindano za insulini wakiwa bado shule ya msingi. Kisukari chao kina undugu na ugonjwa mwingine, multipo sklerosisi, ambao kwa kifupi tunauita MS. Undugu huo umepimwa ukathibitika, na chanzo chake ni kinga ya mwili iliyopotea njia, wala sukari haihusiki. Msimamo wangu ni kwamba kliniki zetu zinaendeshwa kana kwamba undugu huo haupo, na wanaoumia ni vijana ambao wangeweza kutibiwa mapema.

Katika kisukari aina ya kwanza, seli T za kinga huingia kwenye kongosho na kuziua seli beta, ambazo ndizo pekee zinazotengeneza insulini. Zikibaki chache mno, sukari hupanda, mtoto hukojoa kupita kiasi, hukonda, na asipopata insulini hufa. Unene na pipi havihusiki hapa. Katika MS, seli za kinga hupenya hadi kwenye ubongo na uti wa mgongo na kuharibu mayelini, utando wa mafuta unaofunika nyuzi za fahamu kama plastiki inavyofunika waya wa umeme. Utando ukiharibika, ujumbe hupita polepole au haupiti kabisa. Mgonjwa huamka jicho moja limefifia na linauma akiligeuza, au mkono umekuwa mzito, au ganzi imepanda kutoka miguuni hadi kiunoni. Baada ya wiki kadhaa mara nyingi hupata nafuu, na nyumbani wote humshukuru Mungu wakiamini yamekwisha. Kisha hurudi, mahali pengine mwilini. Jean-Martin Charcot aliueleza ugonjwa huu kwa kina mjini Paris mwaka 1868. Wengi huanza kuugua kati ya miaka 20 na 40, na wanawake ni wengi kuliko wanaume.

Mahali palipoonyesha waziwazi kwamba magonjwa haya hufuatana ni Sardinia, kisiwa cha Italia katika Bahari ya Mediterania. Kwa miongo mingi Sardinia imekuwa nyuma ya Finland tu, au karibu nayo, kwa wingi wa watoto wanaopata kisukari aina ya kwanza, na MS nayo imekithiri huko. Mwaka 2002 watafiti wa kisiwa hicho walichapisha katika jarida la The Lancet uchunguzi wa wagonjwa zaidi ya 1,000 wa MS pamoja na wazazi na ndugu zao. Kisukari aina ya kwanza kilionekana kwa wagonjwa wa MS takribani mara 3 zaidi kuliko kwa ndugu zao wasio na MS, na mara 5 zaidi kuliko kwa wakazi wa kawaida. Uzito wa utafiti huu uko hapo kwenye ndugu wa tumbo moja. Wamekulia nyumba moja, wamenywa maji ya kisima kimoja, hivyo mazingira ya nyumbani peke yake hayawezi kueleza tofauti ya mara 3. Na bado ndugu hao nao walikuwa na kisukari zaidi ya watu wa nje, ishara kwamba kuna kitu kinachorithiwa katika ukoo, ambacho kwa mtoto mmoja hukutana na mengine na kuwaka, na kwa mwingine hulala.

Denmark, nchi yenye rejesta za wagonjwa za miaka mingi, ilileta picha hiyohiyo mwaka 2006 kutoka upande wa pili. Watafiti waliwafuatilia watu zaidi ya 6,000 wenye kisukari aina ya kwanza wakihesabu ni wangapi watakaopata MS. Walitarajia wagonjwa 3 hivi, walipata 11. Hatari ilikuwa imepanda zaidi ya mara 3. Ndugu na watoto wa wagonjwa wa MS nao walikuwa na kisukari aina ya kwanza kidogo zaidi ya kawaida. Namwomba mzazi wa mtoto mwenye kisukari anayesoma hapa aitazame ile 11 kwa utulivu: ni watu 11 kati ya maelfu sita. Mwanao ana uwezekano mkubwa sana wa kutopata MS maisha yake yote. Takwimu hizi zina kazi moja, kumfanya daktari asilitupe wazo hilo siku dalili zinapojitokeza.

Sasa kwa nini? Jibu rahisi lingekuwa kwamba jeni zilezile zinaleta magonjwa yote mawili, na jibu hilo limeandikwa mara nyingi. Ukweli una mkunjo, na ndio unaonivutia zaidi katika habari hii yote. Jeni zenye nguvu kuliko zote katika magonjwa ya kinga ni zile za HLA. Hizi hutengeneza protini zinazokaa juu ya seli na kuzionyesha seli T vipande vya protini nyingine, ili seli T iamue: hiki ni cha mwili au ni cha mgeni. Kwa watu wa Ulaya ya Kaskazini, aina ya HLA inayoongeza hatari ya MS kuliko nyingine ni DR15, ambayo huipandisha kama mara 3. Aina hiyohiyo ni miongoni mwa kinga imara tulizo nazo dhidi ya kisukari aina ya kwanza. Kwa hesabu hiyo magonjwa haya yalipaswa kukimbiana, na aliye na moja asiwe na jingine. Lakini Denmark, ambako DR15 imejaa, bado yanakutana.

Sardinia hufumbua nusu ya fumbo hilo. Huko MS imefungamana zaidi na aina nyingine za HLA, hasa DR3, na DR3 ni mlango mkubwa wa kisukari aina ya kwanza pia. Mtu mmoja anarithi kitu kimoja kinachofungua milango miwili. Nusu ya pili iko nje ya HLA, katika jeni nyingi ndogondogo zinazopanga jinsi seli T zinavyoamshwa na kutulizwa. CLEC16A na TYK2 zinahusika katika magonjwa yote mawili. IL2RA, inayohusika na seli T zinazotuliza seli nyingine za kinga, inahusika pia, ila kuna badiliko moja ndani yake linaloongeza hatari ya kisukari na kupunguza ile ya MS. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema haya ni magonjwa mawili kwa jina, lakini ugonjwa mmoja kwa asili. Kinachorithiwa ni kinga iliyo nyepesi kukasirika. Itaelekeza hasira yake wapi, hilo linaamuliwa na mambo mengine.

Kuna ushahidi mwingine ambao hautajwi vya kutosha. Mwaka 2001 maabara moja mjini Toronto, mji ambako insulini iligunduliwa miaka 80 kabla, iligundua kwamba seli T za wenye kisukari aina ya kwanza ziliitikia protini za mfumo wa fahamu, na seli T za wagonjwa wa MS ziliitikia protini za kongosho. Miaka miwili baadaye maabara hiyohiyo ikaonyesha kwa panya waliozaliwa na mwelekeo wa kisukari kwamba shambulio halianzii kwenye seli beta. Visiwa vya seli beta ndani ya kongosho vimezungukwa na seli za Schwann, ambazo ni jamii ya seli za fahamu, na hizo ndizo zilizoshambuliwa kwanza. Panya si binadamu, na mtu asikimbilie kusema kisukari ni ugonjwa wa neva. Lakini ukishajua kwamba kongosho limevikwa tishu za fahamu, wazo la kinga inayochanganya viungo hivi viwili halionekani tena la ajabu.

Upande wa mazingira una historia inayotuhusu sisi wenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1950 daktari mpasuaji Denis Burkitt, akifanya kazi Mulago mjini Kampala, alieleza uvimbe wa saratani uliokuwa ukijaza mataya ya watoto. Sampuli zilisafirishwa kwa ndege hadi London, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakaripoti kirusi kipya ndani ya seli hizo, kirusi cha Epstein-Barr. Mwaka 2022, utafiti uliotumia damu iliyohifadhiwa ya wanajeshi wa Marekani zaidi ya milioni 10 ulionyesha kwamba aliyeambukizwa kirusi hicho akiwa mtu mzima hatari yake ya MS iliongezeka mara 32. Kisukari aina ya kwanza hakina uhusiano wa namna hiyo na kirusi hiki. Kwa kisukari hicho hutuhumiwa zaidi virusi vya tumboni, hasa vya jamii ya Coxsackie B. Kwetu karibu kila mtoto huambukizwa kirusi cha Epstein-Barr akiwa mdogo sana, umri ambao kwa kawaida hakileti homa kali ya tezi wanayoipata vijana wa Ulaya, homa ambayo yenyewe huongeza hatari ya MS. Naamini hiyo ni sehemu ya sababu MS ni chache huku. Naamini pia kwamba familia zinavyopungua ukubwa na kuhamia mijini, umri wa kuambukizwa utasogea mbele, na tuwe tayari.

Malaria nayo imo. Sardinia ilikuwa kisiwa cha malaria hadi kampeni kubwa ya DDT ya mwaka 1946 hadi 1950. Mwaka 2017 watafiti wa kisiwa hicho walitambua badiliko la jeni linaloongeza protini iitwayo BAFF, ambayo huchochea seli B na kingamwili. Badiliko hilo limeenea Sardinia kuliko Ulaya ya Kaskazini, linaongeza hatari ya MS na ya lupasi, na alama zake katika jeni zinaonyesha kwamba zamani liliwafaa waliokuwa nalo, huenda kwa kuwasaidia kupambana na malaria. Msomaji wa Tanga au Kisumu anayeijua selimundu ataelewa mara moja: kilichomwokoa babu na homa kinamtesa mjukuu kwa namna nyingine.

Kutokana na haya yote kuna mambo matatu nayasikia kila mara na ningependa yaachwe. La kwanza ni kwamba sukari ikipanda muda mrefu huleta MS. Hapana. Sukari huharibu neva za miguuni, macho na figo, haianzishi MS. Kisukari huonekana kwanza kwa sababu huanza utotoni na MS huanza ukubwani. Kijana aliyepata MS asilaumiwe kwamba hakufuata masharti, na mama yake asikae akijihukumu kwa soda aliyomnunulia. La pili ni kwamba haya ni maradhi ya Wazungu. Utafiti wa mwaka 2013 katika mfumo mmoja mkubwa wa hospitali kusini mwa California ulikuta wanawake weusi wakipata MS zaidi hata ya wanawake weupe, na Kuwait na Saudi Arabia zimo katika nchi zinazoongoza kwa kisukari aina ya kwanza. Ndugu zetu walioko Ghuba na Ulaya, na watoto wanaowazaa huko, wanaishi ndani ya hali hiyo. Ngozi haimkingi mtu.

La tatu ni hatari zaidi kwa kuwa wanalisema wasomi: kwamba kwa vile chanzo ni kinga, dawa moja itatibu yote. Dawa zinazozuia TNF, protini ya uvimbe, zimewainua wagonjwa wengi wa baridi yabisi. Dawa moja ya kuzuia TNF ilipojaribiwa kwa wagonjwa wa MS, matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999 yalionyesha mashambulio yameongezeka. Dawa nyingine ya kundi hilohilo, golimumabu, mwaka 2020 ilisaidia vijana wapya wa kisukari aina ya kwanza kuendelea kutengeneza insulini yao. Aina moja ya dawa, magonjwa mawili ndugu, matokeo yanayopingana. Mwenye magonjwa yote mawili asiandikiwe dawa ya kinga na daktari anayeujua ugonjwa mmoja tu.

Nyundo na maswali machache

Tuseme binti wa miaka 24, ana kisukari tangu akiwa na miaka 12, anafika kliniki ya kisukari na kusema kwamba tangu wiki iliyopita mguu wa kulia una ganzi na anaburuza wayo. Ganzi ya kisukari huanzia vidoleni, miguu yote miwili kwa pamoja, ikipanda polepole kwa miaka kama soksi. Hii imeanza ndani ya siku chache, upande mmoja. Muulize: ganzi imeishia wapi? Akipitisha mkono tumboni na kuonyesha mstari unaomzunguka kama mkanda, tatizo liko kwenye uti wa mgongo. Muulize kama akiinamisha kichwa kidevu kiguse kifua anahisi mkondo kama wa umeme ukishuka mgongoni. Muulize juu ya mkojo, kama unamharakisha hadi hafiki msalani. Atakuwa anaona aibu kulisema mwenyewe. Kisha gonga kano ya kisigino. Kwa neva zilizoharibiwa na sukari, wayo hautikisiki. Kwa MS unaruka kupita kawaida. Mwisho kwaruza unyayo kutoka kisigino kuelekea vidole. Kidole gumba kikiinuka juu, mpe rufaa leo. Kazi yote haimalizi dakika 5, na nyundo ni miongoni mwa vifaa vya bei nafuu hospitalini.

Macho vilevile. Madhara ya kisukari kwenye jicho hayaumi na daktari huyaona nyuma ya jicho. Mshipa wa jicho ukishambuliwa na MS, jicho huuma likigeuzwa, rangi nyekundu hupauka, na nyuma ya jicho panaweza kuonekana salama kabisa. Mgonjwa akiambiwa jicho ni zima wakati yeye haoni, asikubali yaishie hapo.

MS isiwe jibu la haraka pia, kwa sababu kwetu mambo mengi hufanana nayo. Kifua kikuu cha uti wa mgongo, VVU, upungufu wa vitamini B12, ambao wenye kisukari aina ya kwanza huupata zaidi kwa kuwa kinga yao hushambulia hata tumbo. Konzo, katika maeneo ambako muhogo mchungu huliwa bila kulowekwa vya kutosha. Na uko ugonjwa wa kingamwili dhidi ya protini iitwayo akwaporini-4, unaoshambulia mishipa ya macho na uti wa mgongo, na unaowapata zaidi watu wa asili ya Afrika kuliko Wazungu. Huo lazima utenganishwe na MS, kwa kuwa baadhi ya dawa za MS, kama vile interferoni beta na fingolimodi, huweza kuuzidisha. Kipimo cha damu kwa kingamwili hiyo kiombwe pamoja na MRI, kisingojwe baadaye. Simwombei kila mwenye kisukari MRI. Hilo lingemaliza fedha na kuwatia watu hofu bure. Nawaombea wale ambao nyundo imewasemea.

Dripu ya steroidi

Hapa ndipo ninapotaka mabadiliko haraka kuliko pengine popote. Shambulio la MS hutibiwa kwa methilprednisoloni, kwa kawaida gramu 1 kwa siku, siku 3 hadi 5, kwa dripu. Kwa mwenye kisukari aina ya kwanza dozi hiyo hupandisha sukari kwa nguvu, hasa mchana na jioni ikiwa dripu imewekwa asubuhi, na huweza kumwingiza kwenye asidi ya ketoni. Nimeona wodi zikiogopa na kumnyima steroidi, na nimeona zikimpa bila kugusa insulini. Yote mawili ni makosa. Daktari wa kisukari aitwe kabla dripu haijafungwa, insulini iongezwe kwa mpango ulioandikwa, sukari ipimwe kabla ya kila mlo, wakati wa kulala na usiku, ketoni zipimwe ikipanda sana. Dripu zikiisha, insulini irudishwe chini mara moja, maana siku ya pili mgonjwa huweza kushuka sukari hadi kuzimia. Insulini isisimamishwe kwa sababu yoyote, hata mgonjwa akiwa hali. Na yeyote mwenye kisukari anayelegea ghafla upande mmoja apimwe sukari kwanza kabla ya jambo lolote, kwa kuwa sukari ya chini huweza kuiga MS na hata kiharusi.

Kuna mambo madogo yanayoamua maisha ya kila siku. Aliyepungukiwa na macho au ambaye vidole vimekufa ganzi hawezi kusoma mistari ya sirinji. Apewe kalamu ya insulini inayolia kila akizungusha dozi, na mtu mmoja wa nyumbani afundishwe kuchoma. Kabla ya fingolimodi achunguzwe macho, kisha tena baada ya miezi 3 au 4, kwa sababu dawa hiyo huweza kuvimbisha kitovu cha retina na kisukari huiongeza hatari hiyo. Kliniki ya kisukari na ya mishipa ya fahamu ziandike katika daftari moja la mgonjwa. Leo ana kadi mbili, na dawa ya kadi hii haijulikani kwenye kadi ile.

Kuhusu gharama, mwezi Julai 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza kwa mara ya kwanza dawa za MS katika orodha yake ya dawa muhimu: kladribini, glatirameri na rituksimabu. Rituksimabu imekuwepo kwa miaka kutibu saratani za damu, ina nakala za bei nafuu kuliko dawa nyingi za MS, na katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ilichelewesha kwa muda kupotea kwa seli beta kwa wagonjwa wapya wa kisukari aina ya kwanza. Haijawa tiba ya kisukari, lakini kwa mwenye magonjwa yote mawili ni dawa isiyopingana na upande wowote. Mahali ambapo orodha ya taifa au bima inairuhusu kwa saratani pekee, wizara iongeze MS katika mstari huohuo, na iongeze pia ugonjwa wa akwaporini-4, ambao dawa hii huutuliza vilevile.